Kasongo na Kabambare: kukataza sigara mahali pa watu wengi ni haki, ila isigeuke bariere mpya

Sheria ipo. Mwaka 2005, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani (OMS) wa kupambana na tumbaku. Miaka 13 baadaye, tarehe 13 Desemba 2018, ikaja sheria nambari 18/035 inayoweka misingi ya afya ya umma katika inchi yetu. Nayo pia inazungumzia tumbaku na kukataza watu kuvuta mahali pa wote.

Kusini mwa Maniema, wakaaji wengi hawajawahi kusikia habari ya sheria hiyo. Katika nganda za Kasongo, kwenye matanga, chini ya barza, na kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Salamabila na Namoya, teritware ya Kabambare, mtu anawasha sigara yake bila kuuliza aliye pembeni. Aliye pembeni naye anakaa kimya, maana kumwambia mtu azime sigara kunaonekana kama kumvunjia heshima.

Basi kuna maswali mawili ambayo kila jamaa ingepaswa kuyajadili. Kwa nini watu wanavuta, wakati karibu wote wanajua kwamba ni hatari? Na je, serikali ina haki ya kumkataza mtu mzima kuvuta mbele ya wengine?

Sigara inakopesha, kisha inadai

Wengi wanafikiri mvutaji ni mtu asiye na akili au asiye na adabu. Si hivyo. Ndani ya jani la tumbaku kuna nikotini. Mtu akivuta moshi, nikotini inapita kwenye mapafu, inaingia katika damu na kufika kwenye ubongo kwa muda wa sekunde 10 hadi 20 tu. Huko inaamsha raha ndogo: kichwa kinachangamka, moyo unatulia, njaa inapungua.

Raha hiyo haidumu. Baada ya saa mbili hivi, nusu ya nikotini imekwisha kutoka katika damu. Mtu anaanza kuwa na hasira, mikono inatafuta kitu cha kushika, mawazo yanatawanyika. Akivuta tena, anatulia, na hapo anasema: sigara inanisaidia. Kumbe iliyomletea ile hasira ni sigara ya kwanza. Ni kama mkopeshaji anayechukua pesa zako asubuhi, anakurudishia kidogo jioni, nawe unamshukuru.

Lakini nikotini peke yake haielezi kila kitu. Mchimba dhahabu anayeshuka shimoni tangu alfajiri, bila chakula tumboni, anajua kwamba sigara inadanganya njaa. Mlinzi wa usiku anajua kwamba inafukuza usingizi. Askari anajua kwamba inashusha hofu kidogo. Hata jeshi la Marekani lilikuwa likitia sigara katika chakula cha askari wake vitani, na liliacha mwaka 1975 tu. Watu wa Kabambare, ambao kwa miaka mingi wamekimbia vijiji vyao kwa sababu ya makundi yenye silaha, wana sababu nyingi za kutafuta kitu cha kutuliza roho.

Halafu kuna kijana. Mara nyingi haanzi kwa shida. Anaanza kwa kuiga. Anamwona kaka yake, anamwona mwenye pikipiki nzuri, anamwona mwenye pesa za dhahabu, wote na sigara mdomoni. Sigara inauzwa moja moja, pembeni ya barabara, kwa franka ambazo hata mtoto wa shule anaweza kuzipata. Hahitaji kununua pakiti nzima. Mkataba ule wa OMS uliliona jambo hilo: unaziomba inchi zikataze kuwauzia watoto, na zijitahidi kukomesha uuzaji wa sigara moja moja, kwa sababu ndio mlango ambao mtoto anapitia.

Tumbaku ya wazee

Kuna watakaosema: tumbaku ni ya babu zetu, mnataka kutunyang'anya desturi. Ni kweli kwamba kiko na ugoro vimekaa siku nyingi katika nyumba zetu. Mzee akiwa na kiko chake, hakuna anayemwona mhuni. Kumpa mgeni tumbaku ni kumkaribisha.

Lakini mmea wenyewe ulitoka mbali. Tumbaku ni mmea wa Amerika. Wazungu waliukuta huko baada ya safari ya Christopher Columbus ya mwaka 1492, kisha ukasambaa kwa meli na misafara mpaka ukafika kila pembe ya Afrika. Sisi wa kusini mwa Maniema tunajua vizuri jinsi vitu vinavyosafiri. Katika karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara ilitoka Ujiji, ikapita Kabambare, ikafika Kasongo na Nyangwe. Njia hiyo ilileta kitambaa, shanga, bunduki, dini ya Kiislamu na lugha hii tunayoandika. Desturi zinaingia, na desturi zinaweza kutoka. Tena, mzee wa zamani aliyevuta kiko jioni nje ya nyumba yake hakuvuta sigara 20 kwa siku ndani ya chumba kilichofungwa pamoja na watoto.

Moshi unaingia kwa jirani

Hapa ndipo tunafika kwenye swali la haki. Mtu anaweza kusema: mwili ni wangu, mapafu ni yangu, pesa ni zangu. Hoja hiyo ina nguvu. Mtu mzima ana ruhusa ya kufanya mambo mengi yanayomdhuru yeye mwenyewe. Anaweza kunywa lutuku mpaka aanguke, anaweza kula vibaya, anaweza kufanya kazi ya hatari. Kama sigara ingemdhuru mvutaji peke yake, kazi ya serikali ingekuwa kumwonya, basi.

Lakini moshi hauna mpaka. Katika moshi wa sigara kuna kemikali zaidi ya 7,000, na zaidi ya 60 kati yake zinajulikana kwamba zinaleta kansa. Anayekaa karibu na mvutaji anazivuta pia, bila kupenda na bila kuulizwa.

Mwaka 1981, daktari mmoja wa Japani, Takeshi Hirayama, alitoa matokeo ya uchunguzi uliodumu miaka 14. Alikuwa amefuatilia wanawake 91,540 wasiovuta sigara. Aliona kwamba wale ambao bwana zao walivuta sana walikufa kwa kansa ya mapafu kuliko wale ambao bwana zao hawakuvuta. Wanawake hao hawakugusa sigara hata siku moja. Waliishi tu na mtu anayevuta. Makampuni ya tumbaku yalipinga sana, lakini uchunguzi mwingine uliofuata katika inchi nyingi ulionyesha jambo lile lile.

Leo OMS inasema tumbaku inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka duniani, na kati yao zaidi ya milioni 1 ni watu wasiovuta. Mtoto anayekaa katika moshi anapata zaidi kikohozi, pumu, ugonjwa wa masikio na homa ya mapafu. Mama mwenye mimba akiuvuta, mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo.

Kwetu kuna jambo moja la kuongeza: kifua kikuu. Kongo ni moja ya inchi zenye wagonjwa wengi wa kifua kikuu duniani. Anayevuta sigara yuko katika hatari mara mbili au zaidi ya kushikwa na ugonjwa huo kuliko asiyevuta, na akishikwa, kupona kunakuwa kugumu zaidi. Wachimba dhahabu, ambao mapafu yao tayari yanakula vumbi la mawe kila siku, wanabeba mizigo miwili kifuani.

Kwa hiyo jibu la swali letu liko wazi. Haki ya mtu kuvuta inaishia pale ambapo pua ya jirani inaanza. Katika wodi ya kina mama, katika darasa, katika gari lililojaa abiria, katika ofisi ya serikali, ndani ya nganda ambamo msichana anatumikia wateja usiku kucha ili apate chakula cha watoto, asiyevuta hana pa kukimbilia. Huyo ndiye sheria inapaswa kumlinda.

"Mnazungumza sigara wakati watu wanakufa kwa vita"

Hoja hii inasikika sana, na si ya kudharau. Mtu anauliza: barabara ya Kabambare imeharibika, watu wamehama vijiji, watoto wanakosa dawa, ninyi mnahangaika na sigara?

Jibu ni kwamba vita na tumbaku havishindani, vinasaidiana kuua. Familia ambayo imepoteza shamba haina pesa ya kupoteza. Tufanye hesabu ndogo. Anayevuta sigara 5 kwa siku anavuta 1,825 kwa mwaka. Kwa miaka 10 ni 18,250. Kila msomaji anajua bei ya sigara moja kwenye duka la mtaa wake. Azidishe mwenyewe, kisha alinganishe na minerval ya mtoto, au na bei ya mabati ya nyumba.

Wengine wanasema: moshi wa kuni jikoni ni mbaya kuliko wa sigara, mbona hamkatazi kupika? Ni kweli kwamba moshi wa jikoni ni hatari kubwa. OMS inahesabu kwamba moshi wa nyumbani, wa kuni, makaa na vingine, unaua watu wapatao milioni 3 kwa mwaka, wengi wao wanawake na watoto. Lakini mama anapika kwa sababu watu lazima wale. Hakuna anayelazimika kuwasha sigara ndani ya nyumba ile ile. Kama mama amekwisha kubeba moshi wa jiko, hiyo ni sababu ya kumpunguzia, si ya kumwongezea mwingine.

Marufuku iliyoshindwa na ile iliyofaulu

Kukataza tumbaku si jambo jipya. Mwaka 1633, Sultani Murad wa Nne wa dola la Uturuki alikataza kuvuta tumbaku, na aliyeshikwa aliweza kuuawa. Watu waliendelea kuvuta kwa kujificha, na baada ya kifo chake marufuku hiyo haikudumu. Kabla yake, mfalme James wa Kwanza wa Uingereza aliandika kitabu kizima dhidi ya tumbaku mwaka 1604 na kupandisha ushuru wake sana. Naye hakufaulu.

Sasa tazama upande mwingine. Tarehe 29 Machi 2004, Ireland ilikataza kuvuta ndani ya sehemu zote za kazi, hata ndani ya baa. Wengi walisema Waireland hawatakubali, maana kwao baa na sigara vilikuwa kitu kimoja. Walikubali. Watu walitoka nje, wakavuta, wakarudi ndani. Scotland ikafuata mwezi wa Machi 2006. Hospitali zilizochunguzwa huko zilipokea wagonjwa wa moyo wa ghafla pungufu kwa asilimia 17 katika miezi iliyofuata, na sehemu kubwa ya waliopona hatari hiyo ni watu wasiovuta.

Karibu nasi, Uganda ilipitisha sheria yake mwaka 2015. Inakataza kuvuta ndani ya mahali pa watu wote na hadi umbali wa mita 50, inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 21, na inakataza shisha. Kenya ilikuwa na sheria yake tangu mwaka 2007. Utekelezaji wake si kamili. Sigara moja moja bado zinauzwa mitaani. Hata hivyo, mtu wa Kampala au Nairobi leo anajua kwamba hawashi sigara ndani ya basi.

Tofauti iko wapi? Sultani alimkataza mtu kuvuta, popote alipo. Ireland ilikataza moshi mahali fulani. Ya kwanza inamwinda mtu. Ya pili inalinda mahali. Na katika ile ya pili, anayeulizwa kwanza ni mwenye mahali: mwenye baa, mkubwa wa ofisi, mwenye gari. Yeye ndiye anayeweka tangazo, anayeondoa visahani vya majivu, anayemwomba mteja atoke nje.

Hatari yetu: bariere ya sigara

Jambo hilo ni la maana sana kwetu, kwa sababu tunajua sheria zinavyogeuka zikifika kijijini. Mwaka 2017, watafiti wa shirika la IPIS la Ubelgiji walihesabu vizuizi vya barabarani 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini peke yake. Kila kizuizi kina mtu wa kulipwa. Mkaaji wa Maniema hahitaji utafiti ili ajue maana yake. Anayepeleka mihogo au mafuta ya mawese sokoni anajua ni mikono mingapi anakutana nayo njiani.

Sasa fikiria sheria ya sigara ikiwekwa mikononi mwa mtu mwenye silaha ambaye hajalipwa mshahara wake. Kijana wa pikipiki anavuta peke yake chini ya mwembe, mahali ambapo moshi wake haumdhuru mtu. Anashikwa, anaambiwa amevunja sheria, analipa amande bila karatasi ya malipo. Mama anayeuza sigara juu ya meza ndogo ananyang'anywa mali yake yote. Wakati ule ule, mkubwa anavuta ndani ya ofisi yake na hakuna wa kumgusa. Katika hali hiyo, hakuna pafu hata moja lililolindwa, na wakaaji watachukia afya yenyewe.

Kwa hiyo anayeunga mkono sheria hii ana wajibu wa kusema pia isitekelezwe namna gani. Isianze barabarani. Ianze kwenye mahali ambapo serikali yenyewe ndiyo mwenye nyumba: ofisi ya teritware, kambi, mahakama, shule, hospitali. Mkubwa azime sigara yake kwanza. Kisha mabasi, magari na mitumbwi inayobeba abiria kwenye Lualaba. Kisha nganda, kwa kuwapa wenyewe muda wa kutengeneza nafasi nje. Na kwa wauzaji, lianze jambo moja tu lisilo na mjadala: asimuuzie mtoto, wala asimtume mtoto kuuza.

Kasongo ina mfano wake

Wapo watakaosema hayo ni ndoto. Lakini Kasongo ina historia ya kufundisha wengine mambo ya afya. Katika miaka ya 1970, madaktari wa Kongo pamoja na wa chuo cha magonjwa ya tropiki cha Antwerp walijenga hapa vituo vya afya vilivyo karibu na watu, vikishirikiana na wakaaji wenyewe na kuungwa mkono na hospitali moja. Mwaka 1981 kazi yao juu ya chanjo ya surua ilichapishwa katika jarida kubwa la Uingereza, The Lancet, kwa jina la Kasongo. Mfano huo ulichangia mpango wa zoni za afya ambao inchi nzima inautumia mpaka leo.

Surua haikupiganwa kwa bunduki. Muuguzi alizungumza na mama, mama akazungumza na jirani, shefu wa kijiji akatoa neno. Sigara inaweza kufuata njia ile ile. Muuguzi anayepima kifua kikuu amuulize mgonjwa kama anavuta, kisha amweleze faida ya kuacha. Mwalimu azungumze na wanafunzi kabla sigara ya kwanza haijawafikia. Padri, mchungaji na imamu wana masikio ya watu kuliko gazeti la serikali.

Waislamu wa Kasongo wana shule moja zaidi. Kila mwaka, mwezi wa Ramadhani, mvutaji anayefunga anakaa tangu alfajiri mpaka magharibi bila sigara. Wanazuoni wanatofautiana kama tumbaku ni haramu au makruhu, lakini mfungo wenyewe unaonyesha kitu ambacho mvutaji hupenda kukikana: kumbe anaweza. Shida ni kwamba wengi, adhana ya magharibi ikisikika, wanatanguliza tende na kufuatisha sigara. Saa zile 13 walizokwisha kushinda zinapotea kwa dakika 5.

Hujachelewa

Kwa yule anayevuta na kusoma habari hii, kuna neno la matumaini, tena lenye hesabu. Uingereza, Richard Doll na wenzake walifuatilia madaktari wanaume kwa miaka 50, wakatoa matokeo mwaka 2004. Waliovuta mpaka mwisho walipoteza kama miaka 10 ya maisha. Lakini aliyeacha akiwa na miaka 60 alipata miaka 3 zaidi. Aliyeacha akiwa na miaka 50 alipata 6, mwenye 40 alipata 9, na mwenye 30 aliokoa karibu yote 10.

Siku za kwanza ni ngumu. Wiki ya kwanza ndiyo yenye hasira, usingizi mbaya na hamu kali. Baada ya wiki tatu au nne, dhoruba inatulia. Inasaidia kuwaambia watu wa nyumbani, kukaa mbali na wavutaji kwa muda, kunywa maji, kutafuna kitu wakati hamu inapokuja. Anayeanguka aanze tena. Wengi walioacha kabisa walijaribu mara nyingi kabla ya kufaulu.

Na kwa yule ambaye hawezi au hataki kuacha leo, jamaa inaweza kumwomba jambo moja dogo, bila amande na bila matusi: baba, kaka, vuta nje ya nyumba, mbali na watoto, mbali na mama mwenye mimba, mbali na mgonjwa. Sheria ya 2018 inadai jambo kama hilo mahali pa wote. Hakuna haja ya kungoja polisi afike ili kila lupango, kila nganda na kila kituo cha afya cha Kasongo na Kabambare kianze kuitekeleza chenyewe.